Mifupa ya Ndovu

Ukuta wa uani ulibomolewa asubuhi, kabla chai haijachemka. Hapakuwa na njia nyingine. Gari lilikuwa limeingia uani mle vipandevipande, mlango siku moja, gurudumu siku nyingine, bodi likibebwa juujuu na wanaume kama jeneza, na katika miaka yote ile ya kulisuka upya hakuna aliyekumbuka kupima lango. Sasa lilikuwa zima, limesimama juu ya magurudumu yake manne, la pembepembe kama sanduku, na lilikuwa pana kuliko lango kwa kiganja kizima.

"Baba Pacha," mkewe alimwambia, akimnyang'anya futi ya cherehani aliyokuwa ameichukua bila kuomba, "umepima kila nati ya gari hili mpaka ukaipa jina. Lango tu ndilo likakushinda?"

"Lango si sehemu ya gari," alijibu mumewe, na kwa kuwa alilisema bila kucheka, majirani waliokuja kutazama wakacheka kwa niaba yake.

Mtaani walimwita Spana. Alikuwa dereva wa idara ya maji mpaka idara ilipopunguza watu, na kitu cha pekee alichotoka nacho huko ni gari kuukuu la porini ambalo idara ililiuza kwa bei ya kulitupa. Majirani waliliita Ndovu, kwanza kwa kejeli, kwa sababu lilikuwa limelala uani limekufa na halibebeki. Baadaye, rangi ya kijani ilipopigwa na taa zikawekwa vioo, jina likabaki ila kejeli ikapungua.

Jirani mchomeaji vyuma ndiye aliyeshika nyundo kubwa. "Mimi nilidhani unajenga nyumba ya pili," alisema, akipiga tofali la mwisho. "Kumbe ni gari! Shemeji, leo utalala kitandani na mume, si na boneti."

"Acha maneno, ondoa tofali," alisema Mama Pacha, lakini alikuwa anatabasamu.

Alikuwa na haki ya kutabasamu. Msimamizi wa usafiri wa shirika la chanjo alikuwa amekuja mwenyewe, akalizunguka gari mara mbili, akasema wazi: likipata cheti cha ukaguzi kabla ya Ijumaa, kazi ni yao kwa msimu mzima wa mvua, kuwapeleka wauguzi kwenye vijiji vya mlimani ambako magari mapya ya shirika yalikuwa yakizama matopeni mpaka milangoni. Lisipopata cheti, hakuna kazi. Kwa ajili ya kazi hiyo Mama Pacha aliiuza ovaloki yake, mashine ya kupindia nguo, ili magurudumu yanunuliwe, akabaki na cherehani moja ya kukanyaga. Kwa ajili ya kazi hiyo pacha wao walikuwa bado chuoni, wamekaa darasani kwa ahadi tu ya karo. Na turubai la gari alilishona yeye mwenyewe, kitambaa kigumu cha kijivu kilichomvunjia sindano moja baada ya nyingine, pindo mara mbili, pete za shaba kila baada ya shubiri, likakaa juu ya Ndovu kama kofia iliyopimwa kichwani.

Spana aliingia garini akiwa na shati lililopigwa pasi. Injini ilikohoa mara moja, ikatulia, ikaanza kuunguruma kwa sauti nzito ya chini. Wanawake wakapiga makofi. Gari likapita tunduni pole pole, likaacha vumbi jeupe la tofali likining'inia hewani.

*

Alirudi kwa miguu.

Mama Pacha alimwona kupitia ule ukuta uliobomolewa, angali mbali, na kabla hajaona uso alikwisha kuona mwendo. Alisimamisha mguu juu ya kanyagio la cherehani.

"Ndovu yuko wapi?"

"Wamemshika."

"Breki?"

"Breki wamezisifu." Spana aliketi kwenye kizingiti akavua viatu. "Mkaguzi aliingia chini yake mwenyewe. Akaigonga chesisi kwa nyundo, ikalia kama kengele. Akasema tangu aanze kazi hajaona gari la umri ule lenye mifupa ile."

"Sasa?"

"Sasa ndiyo akasoma namba."

Alimweleza kwa mpangilio, kama alivyofanya kila kitu. Chesisi ni ile fremu ya chuma ambayo gari zima hukaa juu yake, na namba ya gari hugongwa hapo. Ile ambayo gari lilikuja nayo ilikuwa imeoza kiasi kwamba ukiichoma kwa bisibisi inaingia kama kwenye mkate. Wengine huziba kwa bati, wakapaka lami juu, basi. Yeye hakutaka. Alipata nyingine nzima, ya gari la machimbo ya kokoto lililokufa zamani, akahamisha kila kitu juu yake, bolti kwa bolti. Kadi ya gari ilikuwa na namba ya ile iliyooza. Chesisi mpya ilikuwa na namba ya gari la machimbo, ambalo kwenye majalada lilikwisha kufutwa.

"Kwa karatasi," alisema, "Ndovu ni magari mawili, na yote mawili ni maiti."

"Hawaruhusu kubadilisha?"

"Wanaruhusu. Unawapelekea ile ya zamani waione kwa macho na namba yake, wanaifuta, wanaandika hii mpya. Siku hiyo hiyo. Amenipa mpaka Ijumaa."

Mama Pacha aligeuka akautazama ukuta wa jikoni. Kwa muda mrefu chesisi ile ilikuwa imeegemezwa pale. Sasa palibaki mchirizi mrefu wa kutu, rangi ya chai iliyomwagika.

"Niliiuza," alisema.

Mumewe alikuwa ameinamia ndoo ya maji, ananawa mikono. Aliendelea kunawa. "Kwa yule wa vyuma chakavu?"

"Kwake. Ndiyo pesa ya turubai. Si ulisema imeoza, haifai hata kwa kufungia mbuzi?"

"Nilisema."

"Na kile kindoano chake kilinirarua gauni kila nikipita na sufuria."

"Najua. Vaa viatu, twende tukaitafute."

Hakuuliza lini. Hakuuliza kwa kiasi gani. Mama Pacha alivaa viatu akiwaza kwamba wapo wanaume ambao saa hizi wangekuwa wamekwisha kupasua vyombo, na kwamba Mungu alimpa huyu asiyepasua.

*

Mwenye vyuma chakavu walizoea kumwita Mzani, kwa sababu mzani wake haukuwahi kusema kweli. Alikuwa amekaa kwenye kiti kilichong'olewa garini, katikati ya vilima vya bati, mabomba na fremu za vitanda, akinywa soda kwa mrija.

"Ah, mama wa turubai!" alisema. "Umeleta nini leo?"

"Sikuleta. Nimefuata. Ile chesisi."

"Ile? Imekatwa. Kiwandani hawapokei vipande virefu, lori halibebi. Vijana waliishughulikia kwa gesi. Lakini lori halijaja, vipande vipo humo humo." Alionyesha kilima kimoja kwa mrija. "Tafuteni. Ila kuingia ni pesa."

"Kutafuta kilicho changu?"

"Kilikuwa chako, mama. Watu huingia humu mifuko mitupu, hutoka mifuko inalia. Mimi nitajuaje?"

Mama Pacha alifungua kibindo akalipa. Vijana wawili wa Mzani waliacha kazi wakakaa kuwatazama: mzee mwenye shati la pasi na mwanamke wa makamo, wameinama, wanageuza vyuma kama kuku wanaoparura. Mmoja alisema kitu, mwenzake akacheka hadi akashika ubavu. Jua liliwapiga migongoni. Mikono yao ikawa rangi moja na kutu.

Ni Mama Pacha aliyekipata kipande. Alikijua kwa kindoano. Kilimkwaruza kiganja pale pale kwa tabia yake ya zamani. "Baba Pacha! Hii hapa!"

Spana alikuja akirukaruka juu ya mabomba, akapiga goti, akakisugua kwa pindo la shati. Namba zikaanza kutokea, moja, mbili, tatu, nne. Kisha chuma kikaishia. Moto wa gesi ulikuwa umepita katikati ya namba kabisa, ukaacha ukingo uliochuruzika na kuganda kama nta. Wakatafuta nusu ya pili mpaka vivuli vikarefuka. Walichokipata ni kipande kilichokuwa kimeshikana nacho kabla ya kukatwa, na kwenye ukingo wake namba zilikuwa zimeyeyuka zikawa donge.

Mzani alikuja na soda yake kutazama. Kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu mwenye huruma kidogo. "Lakini mzee, mimi nina kosa gani? Siku ile ulipokuja ilikuwa nzima, imelala pale mlangoni. Ukaipapasa weee, kama mtu anayenunua ng'ombe. Nikakutajia bei, ukasema utarudi. Nilikuwekea wiki nzima na zaidi. Hukurudi."

Mama Pacha aliinua kichwa. Mumewe aliendelea kukisugua kile kipande, ingawa hapakuwa tena na cha kusugua.

*

Walipoziacha kelele za yadi nyuma yao, Mama Pacha ndiye aliyeanza. Spana alikuwa amebeba kipande begani, na kutu ikimwagika shingoni.

"Ulikwenda lini kwa Mzani?"

"Kesho yake."

"Kesho ya lini?"

"Ya siku uliyomvalisha Ndovu turubai. Jioni ile ndipo nilipouona ukuta mtupu."

"Ukajua."

"Nikajua."

"Na hukuniambia."

"Ulikuwa umefurahi, Mama Pacha. Ulikuwa unaimba. Ulinizungusha gari zima unanionyesha pete moja moja. Ningesemaje?"

"Ungesema kwa mdomo! Hivi unavyosema sasa!"

Mtu mwenye baiskeli aligeuka kuwatazama. Spana alisubiri apite. "Mzani alitaka mara tatu ya alichokupa. Pesa unatunza wewe. Ningekuomba ya nini?"

"Ya chesisi!"

"Ungejua umekosea."

"Ndiyo, ningejua! Ningejua, ningelia usiku mmoja, asubuhi ningekopa hata kwa mchomeaji nikaikomboe. Ungenitukana siku ile ile tungeikuta nzima. Wewe umeninyamazia mpaka wameikata!"

"Nilidhani hawatasoma namba," alisema taratibu. "Wengi hawasomi. Wanaangalia breki na taa, wanaandika."

"Kumbe ulitoka na shati la pasi kwenda kutegemea uvivu wa watu."

Spana angeweza kumuuliza kwa nini na yeye hakumuuliza mtu kabla ya kuuza. Lilikuwa swali la haki, na Mama Pacha alilisubiri njia nzima akiwa amelitayarishia jibu. Halikuja. Mumewe alihamisha kipande kutoka bega la kulia kwenda la kushoto, akaendelea kutembea nusu hatua nyuma yake, na mkewe aliona kwamba hata sasa anamtunzia, hata sasa, na akatamani ageuke ampige na kiatu.

Mchomeaji alipokiona kile kipande alipiga kofi kwenye paja. "Jamani, si mngeniambia juzi? Mimi nina namba za kugonga, seti nzima. Ningekufutia zile za machimbo kwa jiwe, nikakugongea za kwenye kadi, rangi juu, mchezo umekwisha. Nani angejua?"

"Gonga!" alisema Mama Pacha. "Hata sasa, gonga."

"Nigonge wapi, shemeji? Gari liko kwao."

"Hata lingekuwa hapa," alisema Spana, lakini hakumaliza, kwa sababu mkewe alimtazama.

*

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa umri wa binti yao mkubwa kama wangekuwa naye, mwenye mafuta meusi chini ya kucha. Alikipokea kipande kwa mikono miwili, akakiweka juu ya gazeti mezani, akalinganisha namba nne na zile za kwenye kadi. Nyuma yake, kupitia dirishani, Ndovu alionekana amesimama kwenye foleni ya magari yaliyozuiliwa, turubai lake limenyooka, msafi kuliko yote.

"Mzee wangu," alisema, "hii ni nusu. Zipo kadi nyingi zinazoanza na namba hizi nne."

"Kazi umeiona mwenyewe, mama," alisema Spana. Kwa ofisi alikuwa na sauti nyingine, ndogo, iliyotokea puani.

"Nimeiona. Niliwaita na wenzangu waje waone. Lakini mimi siandiki cheti cha kazi nzuri. Nikiandika namba ya gari lililofutwa, kesho aliyeiba gari naye atakuja na kipande cha chuma ndani ya gazeti. Nitamwambia nini?"

"Sisi si wezi," alisema Mama Pacha.

"Najua, mama. Ndiyo maana naongea na nyinyi nimekaa."

Mama Pacha alikuwa na swali moja alilolibeba tangu yadi ya Mzani. "Naomba kuuliza. Kama angelileta na chesisi ile ile iliyooza. Isiyobadilishwa."

Mkaguzi alisita. "Ningeigonga, ningesikia imeoza. Ningemrudisha akaizibe."

"Kwa bati na lami."

"Wengi hufanya hivyo."

"Akirudi?"

"Namba ingekuwa sahihi." Alikipanga kile kipande kikae sawasawa juu ya gazeti. "Angepita."

"Wauguzi wangepanda."

"Wangepanda, mama."

Nje mtu alikuwa akipiga honi ili ijaribiwe, mara moja, mara mbili. Mama Pacha aliona kwamba mshono wa bega la sare ya mkaguzi ulikuwa umeachia, uzi unaning'inia, na kabla hajajizuia akasikia mdomo wake ukisema, "Bega lako hilo, mwanangu. Mimi ni fundi. Nitakushonea, na sare zako zote, bure, mwaka mzima."

Mkaguzi alilifunika bega kwa kiganja, haraka, kana kwamba ameonekana akiwa uchi. "Mama, tafadhali. Usinifanyie hivyo."

Spana alisimama. Alimshika mkewe kiwiko, si kwa nguvu. Mkaguzi alijaza karatasi ya kuwaruhusu kuliondoa gari likiwa linavutwa tu, si kwa injini yake, lisionekane barabarani tena. Wanaweza kuliuza kama spea, alisema. Alisema pole. Alisema mara mbili.

Ijumaa jioni msimamizi wa usafiri alipiga simu mwenyewe, jambo la kiungwana. Wamepata gari la mtu mwingine. "Si zuri kama lako, mzee," alisema, "lakini lina karatasi."

*

Ndovu alirudi nyuma ya trekta akaingizwa uani kwa kusukumwa. Wiki iliyofuata mtu alipita tunduni bila kubisha hodi, kwa kuwa hapakuwa na cha kubisha, akasimama mikono kiunoni. Alikuwa mwenye hoteli ya bustani kando ya barabara kuu, mwenye miwani iliyopandishwa kipajini na dereva aliyembebea simu.

"Hili ndilo? Zuri. Zuri kabisa," alisema. "Mkaguzi mmoja ni mteja wangu, ndiye aliyeniambia. Mimi karatasi sizihitaji."

Spana, aliyekuwa hajalifungua boneti tangu liliporudi, alilifungua sasa. "Linawaka kwa mguso mmoja. Ukitaka nikusikilizishe..."

"Hapana, mzee, injini utabaki nayo. Italeta mafuta kwenye nyasi zangu. Pale mbele nitajaza udongo, nipande maua. Unaona? Boneti wazi, maua yanamwagika. Watoto wanapanda, wazazi wanapiga picha, wananunua soda."

"Gari bila injini?"

"Sitaki liende, mzee. Nataka lipendeze."

Spana aliangalia chini. Mama Pacha alisubiri aseme neno lolote, tusi, mzaha, hapana. Alipoona hasemi, akasema yeye. Alisema bei. Yule bwana akacheka, akasema ya kwake, na wakaanza kuvutana pale juu ya boneti lililo wazi, yeye akitaja magurudumu mapya, mwenzake akitaja kwamba magurudumu hayatazunguka. Yeye akitaja rangi, mwenzake akitaja mvua na jua. Walipofika kwenye pesa inayoweza kurudisha ovaloki na kuwaweka pacha chuoni muhula mmoja, yule bwana alisimama kabisa, na Mama Pacha akajua amefika mwisho wa kamba.

"Na turubai alishona nani?" aliuliza mnunuzi akihesabu noti.

"Mimi."

"Safi sana. Mtalitoa, lakini. Watoto wasijifiche humo."

Mchomeaji alijitolea kuing'oa injini kwa malipo ya chai tu. Spana alikataa. Alisimika magogo matatu, akafunga mnyororo, akaifungua mwenyewe kwa siku mbili. Kila bolti aliipaka grisi akaitia kwenye kopo lake, kila bomba akaliziba mdomo kwa kitambaa, kila waya akaufunga uzi wa rangi yake, vile vile alivyokuwa akifanya alipokuwa anaisuka.

"Unazipanga za nini?" Mama Pacha alimuuliza, na sauti ilimtoka kali kuliko alivyokusudia. "Huna gari."

"Nikizichanganya zitapotea."

Injini ilipotoka waliilaza pembeni ya choo, ikafunikwa kwa gunia.

*

Dereva wa mwenye hoteli alikuja asubuhi na gari jipya jeupe, lenye baridi ndani na muziki. Alifunga kamba chini ya bampa la Ndovu, akaja dirishani akaegemea kwa mazoea.

"Mzee, wewe shika usukani, na breki ukiona nimepunguza. Kazi nyingine yote niachie mimi. Usije ukanigonga nyuma, hili gari la watu."

"Sawa, bosi," alisema Spana.

Mama Pacha hakuwa amepanga kwenda. Alikuwa amesimama na sufuria mkononi. Lakini alipomwona mumewe amekaa peke yake nyuma ya usukani, mgongo umenyooka, mikono yote miwili juu, akimsubiri kijana amvute, aliiweka sufuria chini, akazunguka upande wa pili, akafungua mlango. Ulifunguka kwa kidole. Akapanda, akakaa juu ya kiti alichokishona.

"Utaniharibia uzito," alisema Spana.

"Vuta mlango wako."

Kamba ilikazika, gari likashtuka, likaanza kutembea. Hakuna kilichounguruma. Zilisikika tairi tu zikikanyaga kokoto, na muziki wa yule kijana ukivuja mbele. Walipofika mitaa ya mbali ambako watu hawakujua habari zao, mwanamke aliyekuwa anafagia mlango wa duka alilitazama lile gari la kijani linalong'aa, akaweka ufagio begani. "Maridadi hilo!" alipaza sauti. "Hongereni!" Mama Pacha akainua mkono, akampungia.

Kwenye mteremko wa kwenda barabara kuu Spana aligusa breki kidogo, akaachia, akagusa tena. Gari lilitii kila mguso. Halikuyumba, halikulia popote. Lilikaa juu ya ile mifupa yake mizima kama maji yaliyotulia bakulini. Mama Pacha alimtazama mumewe kwa pembe ya jicho. Uso wake ulikuwa mtupu, lakini miguu ilikuwa ikifanya kazi, na mguu wa kushoto ulikuwa ukikanyaga klachi ya injini isiyokuwepo.

Alitafuta kitu cha kumpa. Hakuwa na kingine.

"Linakwenda vizuri, Baba Pacha," alisema. "Kweli linakwenda vizuri."

Spana hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwenye kamba.

"Haliendi," alisema. "Linavutwa."